Mali bila daftari: watu wa Kabala na wanafunzi wao

Siku moja Baal Shem Tov, baba wa Uhasidi, ile harakati ya ucha Mungu ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, alimwona jini akipita na kitabu mkononi. Akamuuliza, "Kitabu gani hicho?" Jini akajibu, "Si chako? Wewe ndiye uliyekiandika." Baal Shem Tov hakuwa ameandika kitabu. Akang'amua palepale kwamba miongoni mwa watu wake yupo anayeyaokota maneno yake na kuyatia kwenye karatasi kwa siri. Akawaita wote, akauliza ni nani. Mmoja akajitokeza, akaleta daftari lake. Mzee akalipekua mwanzo hadi mwisho, kisha akasema: humu hamna hata neno moja nililolisema mimi.

Kisa hiki kimo katika mkusanyiko wa habari zake uliochapwa mwaka 1814, miaka zaidi ya hamsini baada ya kifo chake mwaka 1760. Yaani hata habari ya mtu kukataa kuandikwa tumeipata kwa sababu alikuwepo aliyeiandika. Nimewasoma hawa watu kwa muda sasa, na kila ninaporudi kwao kinachonivuta si malaika wala miujiza. Ni hili la karatasi. Wakubwa karibu wote wa Kabala, ile elimu ya siri ya Kiyahudi inayouliza Mungu asiye na mwisho anahusiana vipi na dunia yenye bei ya ngano na homa za watoto, wametufikia kupitia mkono wa mtu mwingine. Na tabia ya huyo mtu mwingine ndiyo iliyoamua tunachojua leo.

Huyo Baal Shem Tov mwenyewe, Israel ben Eliezer wa Medzhybizh, mji ambao leo uko Ukraine, aliacha barua chache tu. Mashuhuri ni ile aliyomwandikia shemeji yake Gershon, akimsimulia jinsi roho yake ilivyopaa mbinguni siku ya mwaka mpya wa Kiyahudi, 1746, ikafika hadi kwa Masihi. Akamuuliza: Bwana, utakuja lini? Akajibiwa: chemchemi zako zitakaposambaa nje. Barua hiyo ilichapwa 1781, naye hayupo. Ukitaka kumwona kwa jicho kavu zaidi, kuna daftari za kodi za Wapolandi za mji huo, ambamo anatajwa kuwa mganga anayeishi katika nyumba ya jumuiya bila kulipa kodi. Mimi hayo madaftari ya kodi yananifurahisha kuliko barua. Karani wa kodi hana haja ya kumsifu mtu.

Lakini tukitaka kuuona mchezo wote wa mwalimu na kalamu, lazima turudi nyuma miaka mia mbili, tupande Safed.

Safed ni mji wa mlimani, Galilaya ya Juu. Wayahudi walipofukuzwa Uhispania mwaka 1492 walitawanyika kila upande wa Bahari ya Kati, na Waosmani walipoitwaa Palestina mwaka 1516, wengi wao walivutika kupanda huko. Walikuja na ufundi wa sufu. Kwa hiyo mji ule tunaousoma kama mji wa mawalii ulikuwa pia mji wa wafumaji, wapaka rangi na wauza nguo, na sidhani kama mmoja ungekuwepo bila mwingine. Joseph Karo, mzaliwa wa Toledo, alikamilisha huko kitabu cha sheria ambacho Wayahudi wanakifuata hadi leo. Mwanasheria huyohuyo usiku alitembelewa na sauti iliyosema kwa kinywa chake mwenyewe, ikimkaripia anapozidisha chakula na mvinyo, naye akaweka kumbukumbu ya maneno yake. Shlomo Alkabetz alitunga hapo wimbo wa kumlaki Sabato kama bibi harusi, unaoimbwa masinagogini kila Ijumaa jioni. Mwalimu mkuu wa Kabala mjini hapo alikuwa Moses Cordovero, mtu wa mpangilio, aliyeandika mno. Alifariki Juni 1570.

Muda mfupi kabla ya kifo hicho alikuwa amewasili mgeni kutoka Misri, Isaac Luria. Alizaliwa Yerusalemu mwaka 1534, akafiwa na baba akiwa mdogo, mama akampeleka Misri kwa mjomba tajiri aliyekuwa mkusanya kodi. Akasoma sheria kwa walimu wazito, akafanya biashara, pilipili ikiwemo, na wapokezi wanasimulia kwamba kwa miaka mingi alijitenga katika kisiwa kimoja cha Mto Nile karibu na Kairo, akirudi nyumbani kwa ajili ya Sabato tu. Safed alikaa miaka miwili na ushee. Tauni ikamchukua Julai 1572. Alikuwa na miaka 38.

Miaka miwili na ushee, ikageuza Kabala yote. Wanafunzi wake walimwita Simba.

Fundisho lake, kwa kadiri linavyoweza kusemwa kwa maneno machache, linaanza na swali la nafasi. Kama Mungu amejaa kila mahali, dunia iliwekwa wapi? Luria akasema tendo la kwanza la Mungu halikuwa kutoa kitu, lilikuwa kujivuta ndani, kujibana, ili pawe mahali patupu ambapo kitu kisicho Yeye kingeweza kusimama. Kisha nuru ikamiminwa katika vyombo. Vya juu vikastahimili. Vya chini vikashindwa, vikavunjika. Nuru nyingi ikarudi juu, lakini cheche zake zikaanguka pamoja na vigae, zikanaswa ndani ya magamba ya dunia hii: katika tunda, katika mnyama, katika mji wa ugenini, katika mtu mbaya. Kazi ya binadamu ni kuzitoa. Anayekula embe akalisomea dua ya shukrani kwa nia sawasawa ametoa cheche. Aliyefukuzwa kwao akatupwa nchi ya mbali, huenda ametumwa huko kuokota zilizoanguka huko.

Wajukuu wa waliofukuzwa Uhispania waliposikia kwamba uhamisho ulianzia ndani ya uungu wenyewe, kabla hata ya Adamu, sishangai kwamba walimng'ang'ania. Kuna wataalamu wanaokataa kulifunga fundisho hili na mwaka 1492 moja kwa moja. Wanasema yaliyomo yanajieleza kutokana na vitabu vya kale vya Kabala. Inawezekana. Lakini msikilizaji hasikii kwa vitabu peke yake.

Luria alifundisha wakitembea. Aliwatoa wanafunzi hadi mashambani nje ya mji, akawaonyesha makaburi ya wanazuoni wa kale ambayo hakuna aliyeyajua, akawafundisha kujilaza juu yake na kuungana na roho ya aliyelala. Alisoma herufi kwenye paji la uso la mtu na kumwambia dhambi yake, na roho yake iliwahi kuishi ndani ya nani. Inasimuliwa kwamba Ijumaa moja jioni, wamevaa nyeupe, wako nje wakimlaki Sabato, ghafla akawaambia: twendeni Yerusalemu, sasa hivi, kabla jua halijatua. Wengine wakasema haya. Wengine wakasema, ngoja kwanza tuwaage wake zetu. Luria akapiga makofi kwa uchungu: mngekubali nyote kwa moyo mmoja, Masihi angekuja leo.

Na kuandika? Mbali na nyimbo chache za Sabato na maelezo ya sehemu fulani za Zohar, kitabu cha msingi cha Kabala, hakuandika. Alipoulizwa kwa nini, wanasema alijibu kwamba kila jambo limeshikana na jingine, na akifungua kinywa tu anaona kama bahari imevunja kingo zake; atayatiaje hayo kitabuni?

Ndipo anapoingia Hayyim Vital.

Vital alikuwa kijana wa Safed, mzaliwa wa 1542, aliyepoteza miaka miwili hivi akitafuta dhahabu katika ufundi wa alkemia kabla ya kumpata Luria. Aliacha daftari la maono na ndoto zake, na nakushauri ulisome ukitaka kumjua binadamu, si walii. Humo anaorodhesha kwa uangalifu kila mtu aliyemwambia kwamba yeye ni mkubwa: wapiga ramli, wanawake wenye kuona, waliokufa waliokuja ndotoni, na Luria mwenyewe aliyemwambia kwamba alishuka Safed kwa ajili yake. Ni mtu mwenye majivuno yasiyo na haya, na kwa sababu hana haya, namwamini. Mtu anayejipamba kwa ajili ya wasomaji asingeyaacha yale yote.

Luria alipokufa, Vital akajiona ndiye mrithi pekee, akafunga mlango. Mwaka 1575 wanafunzi kumi na wawili walitia sahihi hati, na maneno yake tunayo hadi leo: watasoma Kabala ya Luria kwa Vital tu, hawatamshurutisha awaambie zaidi ya anavyotaka, na hawatamfunulia mtu wa nje walichosikia. Sasa fikiria. Mwalimu aliyesema kama bahari iliyovunja kingo, na mwanafunzi wake anagawa maji kwa kikombe, kwa kiapo.

Lakini mwenzao Joseph ibn Tabul, mtu wa Afrika Kaskazini, naye alikuwa amesikia na akaandika yake, na hayalingani kila mahali na ya Vital. Israel Sarug akatokea Italia miaka ya 1590 akijiita mwanafunzi wa Simba, akafundisha matajiri na wanafalsafa huko Kabala ya Luria ya namna yake. Na kubwa kuliko yote: Vital akaugua sana, na inasimuliwa kwamba tajiri mmoja, akiwa amechoka kubembeleza, akampa mdogo wake Vital vipande hamsini vya dhahabu. Ndugu akayatoa maandiko sandukuni. Wanakili mia moja wakaketi, na kwa siku tatu kurasa mia sita zikanakiliwa, kisha karatasi zikarudishwa mahali pake kabla mgonjwa hajapata nafuu.

Siku tatu na wanakili mia zina harufu ya masimulizi, sawa. Lakini kwamba maandiko yalivuja Vital akiwa hai, yakasambaa bila ruhusa yake, hilo lilitokea. Naye alikufa Damascus mwaka 1620 akiwa bado analinda mlango ambao ukuta wake ulishabomoka. Kitabu chake kikuu kilichapwa rasmi mwaka 1782, huko Korets. Kwa hiyo sala za Luria zilizopitishwa mkono kwa mkono, desturi za usiku wa manane za kumlilia Yerusalemu, na ile lugha ya cheche ambayo Mhasidi wa kawaida aliitumia hata akiuza samaki, sehemu kubwa ya hayo yalienea kwa njia ya wizi na wapokezi wasioaminika. Vital angetuelewa vibaya nikisema namshukuru ndugu yake. Namshukuru hata hivyo.

Niseme kidogo kuhusu Zohar, kwa kuwa nimekitaja. Hapo mchezo umegeuzwa kichwa chini. Kitabu hicho, msingi wa yote yaliyofuata, kilianza kuonekana Uhispania miaka ya 1280 mikononi mwa Moses de León, aliyesema ananakili andiko la Shimon bar Yochai, mwanazuoni wa karne ya 2. De León akafa 1305. Mtafutaji mmoja aliyetoka Akko akafuatilia, akaambiwa kisa hiki: tajiri mmoja alimpelekea mjane ujumbe, mwanao nitamwoza kwa mwanangu, sitaki kitu ila lile andiko la asili. Mjane akaapa kwamba andiko la asili halikuwepo kamwe. Mumewe aliyatoa kichwani mwake. Alipokuwa akimuuliza kwa nini hasemi ni yake, alijibu kwamba wakijua ni yake hawatatoa hata senti. Hapa yupo mwandishi halisi, kalamu mkononi, anayejifanya mwanafunzi wa mtu aliyekufa miaka elfu moja nyuma. Wacha Mungu wengi wanakataa kisa hiki hadi leo. Wachunguzi wa lugha yake wanaona Kiaramu cha mtu wa Uhispania, na baadhi wanadhani kiliandikwa na kundi la watu. Mimi upande wa mjane. Alikuwa na binti wa kuoza na njaa nyumbani; uongo ungemlipa zaidi.

Sasa nimfikie ninayempenda kuliko wote, maana hapa mwalimu na mwanafunzi walipatana.

Nachman wa Breslov alizaliwa Medzhybizh mwaka 1772, kitukuu cha Baal Shem Tov. Alikuwa mtu wa furaha kwa amri na wa huzuni kwa maumbile. Alifundisha kwamba ni wajibu mkubwa kuwa na furaha daima, na alifundisha hivyo kwa sababu alijua shimo lilivyo. Kila siku, alisema, jitenge saa moja, shambani au chumbani, uongee na Mungu kwa lugha yako ya nyumbani. Kwa watu wake ilikuwa Kiyidishi, si Kiebrania cha vitabuni. Mwambie kila kitu. Na maneno yakikauka, rudia "Bwana wa ulimwengu" tu, hata kama ndilo pekee siku nzima. Alisema pia kwamba mtu huvuka daraja jembamba mno, na lililo kuu ni asijitie hofu. Anayeijua kidogo Pwani yetu, aliyewahi kumwona muridi akitafuta upweke kwa agizo la sheikhe wake, hatapata shida kumwelewa mtu huyu.

Mwaka 1802 Nachman alihamia Breslov, mji mwingine wa Ukraine ya leo, na mwaka huohuo akamjia kijana wa miaka 22 kutoka Nemirov, Natan Sternhartz. Natan alitoka nyumba ya kitajiri. Baba mkwe wake alikuwa rabi asiyetaka hata kuwasikia Wahasidi. Nyumbani ikawa vita. Lakini Natan alikuwa na kitu ambacho wengine pale hawakuwa nacho, mkono mwepesi wa kuandika. Nachman akisema kwa Kiyidishi, Natan akiandika palepale kwa Kiebrania, kisha mwalimu anasomewa na kusahihisha. Linganisha na Baal Shem Tov na daftari la yule jini. Kitabu cha mafundisho cha Nachman kilichapwa 1808 akiwa hai. Wafuasi wanapokea kwamba alisema: bila Natan, usingebaki ukurasa hata mmoja wangu.

Mwaka 1806 akafiwa na mtoto wa kiume. Kiangazi kile akasema mafundisho hayatoshi, sasa ataanza kusimulia hadithi. Zilizochapwa na Natan mwaka 1815 ni kumi na tatu, Kiebrania juu na Kiyidishi chini, ili hata asiye msomi apate. Ya mwisho inaitwa ya waombaji saba, aliyoisimulia mwaka 1810, kifua kikuu kikiwa kimeshamla. Ombaomba mwenye kigugumizi anaeleza humo hivi: upande mmoja wa dunia upo mlima, juu yake jiwe, na jiweni inatoka chemchemi. Upande wa pili umo moyo wa dunia, wenye uso na mikono na miguu. Moyo unaitamani chemchemi, unalia, jua linauchoma, na ukizidiwa ndege mkubwa anatandaza mbawa kuupa kivuli upumue. Kwa nini basi usiende? Kwa sababu ukisogea karibu na mlima kilele kitafichika, na ukiacha kuiona chemchemi hata kitambo, utakata roho. Na chemchemi haina wakati wake yenyewe. Inaishi siku moja tu, siku ambayo moyo umeizawadia, na jioni wanaanza kuagana kwa nyimbo, mpaka mtu wa fadhila awape siku nyingine. Siku hiyo imefumwa kwa matendo mema ambayo ombaomba yule anazunguka kuyakusanya.

Ombaomba wa saba, asiye na miguu, hadithi yake haipo. Nachman hakuisimulia.

Hakutaka kila kitu kibaki. Mwaka 1808, akiwa Lemberg (leo Lviv) kwa matibabu, alimtuma mfuasi wake Shimon arudi Breslov akachome kitabu kizima kilichokwisha andikwa. Wafuasi wanakiita hadi leo Kitabu Kilichochomwa. Na alipokaribia kufa, Uman, Oktoba 1810, akaagiza kwamba roho ikitoka tu, yaliyomo sandukuni yachomwe mara moja. Naye alikuwa na miaka 38, kama Luria. Shimon hakungoja, akachukua karatasi akaelekea jikoni kwenye tanuri. Natan, mwandishi wa yote, hakumzuia. Anaandika mwenyewe kwamba alimfuata nyuma hadi tanurini, ili angalau avute puani moshi wa maneno ambayo kizazi chake hakikujaliwa kuyapata.

Vital asingesimama pale akitazama. Angejirusha motoni. Natan alitii, kisha akatumia miaka 34 iliyombakia kuchapa vilivyoruhusiwa, kimoja kimoja. Miaka ya 1820 akafungua kiwanda cha kuchapa nyumbani kwake Breslov. Serikali ya mfalme wa Urusi ikakifunga. Miaka ya 1830 wafuasi wa rabi mwingine, wa Savran, wakamwandama hadi akafukuzwa mjini kwa muda. Hakujitangaza mrithi, wala Wabreslov hawajawahi kumweka rabi mwingine. Majirani waliwacheka wakiwaita Wahasidi wa maiti. Leo makumi ya maelfu hufika Uman kila mwaka mpya wa Kiyahudi kuzuru kaburi, hata wakati wa vita.

Wanaoniuliza waanze na nini, siwapeleki kwa Luria. Maandiko ya Vital yana mchoro juu ya mchoro, na bila mtu wa kukaa nawe miezi kadhaa utaishia kukariri majina. Anza na hadithi za Nachman. Zipo katika lugha kadhaa, na mtu aliyelelewa kwa ngano za bibi atazisoma bila kuhitaji kamusi ya Kabala. Soma ya waombaji saba mara mbili, kisha daftari la ndoto la Vital, kwa ajili ya kucheka kidogo. Zohar iache ikungoje.